Jinsi ya kusoma mkataba wa ajira ukauelewa: kwa mnaosoma biashara Mbeya, Iringa na Njombe

Wadogo zangu mnaosoma biashara huku kwetu nyanda za juu, iwe diploma ama digrii, hii mada ya mikataba ya ajira na sheria za kazi wengi wanaisoma kwa kukariri. Wanakariri siku 28 za likizo, siku 84 za uzazi, saa 45 kwa wiki, alafu mtihani ukija na kisa cha mtu aliyefukuzwa kiwandani wanamwaga namba zote kwenye karatasi bila mpangilio na wanaambulia alama za huruma. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyohuyo akishamaliza chuo akapata kazi anapewa mkataba wa kurasa sita, anasaini ukurasa wa mwisho akiwa amesimama mlangoni kwa HR, yaani ofisi ya rasilimali watu.

Njia ninayowafundisha vijana ni moja na inafanya kazi kwenye mtihani na kwenye maisha: kabla hujagusa haki yoyote jibu maswali matatu. Huyu mtu ni mwajiriwa kweli? Yuko kwenye mkataba wa aina gani? Amekaa kazini muda gani? Ukikosea moja hapo, hesabu zote zinazofuata zinaharibika, hata kama umekariri sheria nzima.

Sheria zenyewe kwanza, kwa kifupi. Mkataba wa ajira ni mkataba kama mingine, kwaiyo ile Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mliyoanza nayo bado inahusika: watu wakubaliane kwa hiari, wawe na uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kuwe na malipo halali na kazi yenyewe iwe halali. Juu yake inakuja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, hii ndo ya kuishika kuliko zote. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, ndo iliyoanzisha CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Alafu kuna kanuni za 2007, hasa Tangazo la Serikali Na. 42 linaloeleza utaratibu wa haki wa kumwachisha mtu kazi, na Na. 64 linaloeleza namna ya kupeleka mgogoro. Sheria hii ya ajira ni ya Tanzania Bara, na wanajeshi, polisi, magereza na JKT hawamo.

Jambo la kushika hapo ni kwamba sheria ya ajira inaweka kiwango cha chini. Mkataba unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya hapo, kumpa pungufu hauwezi. Ukikuta kipengele kinachotoa pungufu, hata kama mtu kasaini mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, hakimfungi.

SWALI LA KWANZA: NI MWAJIRIWA?

Hapa ndo pana vita kubwa huku kwetu, kwasababu kazi nyingi ni za kibarua. Kuchuma chai Rungwe na Mufindi, mashine za mbao Mafinga, kufungasha parachichi Njombe, kupakia viazi Uyole. Watu wanaitwa vibarua, madeiwaka, "watu wa msimu", na wengine wanapewa karatasi imeandikwa kabisa kwamba huyu ni mkandarasi binafsi na wala sio mfanyakazi.

Sheria ya Taasisi za Kazi haiangalii jina hilo, inaangalia kazi inavyofanyika. Je, namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Saa zako anapanga yeye? Wewe ni sehemu ya taasisi yake? Umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kiuchumi? Vifaa anakupa yeye? Unafanya kazi kwake tu? Ikitimia HATA MOJA, unahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Sasa chukua mama anayepanga parachichi kwenye maboksi. Anaingia saa moja asubuhi, supavaiza ndo anampangia meza, aproni na glavu ni za ofisi, akichelewa jina lake linawekewa alama nyekundu kwenye daftari la getini na siku hiyo anakatwa. Hapo unahesabu vigezo vitatu vinne bila hata kuuliza anaitwaje kwenye karatasi. Kwenye mtihani usiandike "ni mwajiriwa kwasababu anafanya kazi kila siku", taja vigezo kimoja kimoja ukivishikiza kwenye kisa, daftari la getini ni kuongozwa kwa saa, aproni ni vifaa. Mwalimu anatafuta hicho.

Na ile kauli ya mtaani kwamba "hana mkataba, hana haki", naomba tuiache. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, na ikitokea kesi mwajiri akashindwa kuonyesha karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unamwangukia yeye mwajiri. Watu wengi hawalijui hili kwaiyo wanakata tamaa mapema. Asiye na karatasi akusanye alivyonavyo: miamala ya mshahara kwenye simu, kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya NSSF, meseji za kundi la kazi, picha ya ratiba ya zamu.

SWALI LA PILI: AINA GANI?

Kwenye sheria ya 2004 ziko tatu. Mkataba wa muda usiotajwa, ambao mtaani tunauita ajira ya kudumu. Mkataba wa muda maalum, mfano miaka miwili. Na mkataba wa kazi maalum, mfano kujenga ghala moja, likiisha na kazi imeisha.

Ule wa muda maalum mwanzoni sheria iliuweka kwa wataalamu na watu wa menejimenti, ila marekebisho yaliyokuja 2025 yameongeza makundi mengine, kwaiyo ukisoma notsi za zamani zinazozunguka chuoni hapo ndo zinakuangusha. Marekebisho hayohayo yamegusa na fidia ya mtu aliyeachishwa isivyo halali, ile miezi 12 iliyoko kwenye kila notsi usiiandike kabla hujasoma sheria ilivyo sasa. Hii nasisitiza sana, hakikisha unasoma toleo jipya.

Aina ya mkataba inabadilisha swali zima. Wa muda maalum unaisha wenyewe tarehe ikifika, hapo hujafukuzwa. Lakini kanuni za 2007 zinasema kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ataongezewa, kutomwongezea kunaweza kuwa ni kumwachisha isivyo halali. Matarajio ya msingi yanatoka wapi? Ameshaongezewa mara kadhaa huko nyuma, au bosi amemwandikia ajiandae na mpango wa mwaka ujao, vitu vya namna hiyo. Kutamani tu kubaki hakutoshi. Na kama tarehe imepita na mtu anaendelea kuja kazini na kulipwa na hamna aliyesema kitu, mkataba unaweza kuhesabika umejirudia.

SWALI LA TATU: MUDA GANI?

Andika tarehe pembeni ya karatasi kabla ya kuanza kujibu. Chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii. Akishamaliza miezi 12 mfululizo, mlango wa kiinua mgongo unafunguka. Muda wa majaribio ni kitu kingine kabisa, watu wanauchanganya na hii miezi sita: huo unapangwa kwenye mkataba na kanuni zinasema uwe wa kiasi, usizidi miezi 12.

Haya sasa, UNAUSOMAJE MKATABA WENYEWE

Chukua peni na usome kwa kutafuta vitu vinavyotakiwa kuwepo: jina lako, umri, jinsia na anwani, mahali ulipoajiriwa, kazi yako ni ipi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa pamoja na marupurupu. Kama umeandikwa kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, sheria inamtaka mwajiri ahakikishe umeelezwa kwa namna unayoielewa, kwaiyo kuuliza ni haki yako, usione aibu. Na masharti yakibadilika katikati lazima mshauriane na akuarifu kwa maandishi.

Kipengele ambacho wengi wanakiruka ni MAHALI ULIPOAJIRIWA. Wakala anakuja Kyela kutafuta vijana wa mashine za mbao, anawapakia kwenye gari mpaka Mafinga, wakifika ofisini pale kwenye fomu panaandikwa "Mafinga". Wanasaini. Siku kazi ikiisha, sheria inasema kama umeachishwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako mpaka ulipoajiriwa au akulipe nauli hiyo, na akulipe posho ya kujikimu kwa siku za kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Sasa karatasi imeandikwa Mafinga, na wewe una kitanda, meza, mke na watoto wawili, unataka kurudi Kyela. Neno moja tu hilo. Kama waliwachukua Kyela, hakikisha pameandikwa Kyela kabla hujasaini.

SAA. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na ukipiga zaidi ya saa 5 mfululizo unapewa mapumziko ya dakika 60. Ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na inalipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa ukifanya kazi ni mara mbili. Usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5. Mambo haya ya saa hayawahusu mameneja.

Utakutana na sentensi ya namna hii: "Mfanyakazi atafanya kazi kwa muda atakaopangiwa na uongozi na hatadai malipo ya ziada." Ifanyie hesabu. Mshahara wa msingi tuseme 390,000 kwa mwezi. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.3333 kupata wiki, inakuja kama 90,000. Gawa kwa saa 45, saa moja ni 2,000, kwaiyo saa ya ovataimu ni 3,000. Mtu anaingia saa moja asubuhi anatoka saa kumi na moja jioni, toa saa moja ya chakula, amefanya saa 9. Siku sita ni saa 54. Zimezidi 9 kila wiki, ni 27,000 kila wiki ambayo hiyo sentensi inataka kuimeza. Haimezeki, kwasababu iko chini ya kiwango cha sheria. Ukiweka hesabu hii kwenye mtihani, jibu lako litaonekana la mtu aliyeelewa.

MSHAHARA NA MAKATO. Kwanza angalia kama unafika kima cha chini cha sekta yako, maana amri ya mishahara inapanga kwa sekta, shambani na migodini sio sawa. Alafu usichanganye mshahara wa msingi na kinachofika mkononi. Kwa hiyohiyo 390,000, NSSF ya mfanyakazi asilimia 10 ni 39,000 na mwajiri anaweka 10 yake. Inabaki 351,000. Kodi haigusi 270,000 za mwanzo, inayozidi ni 81,000, asilimia 8 yake ni 6,480. Mkononi 344,520. Mchango wa mfuko wa fidia, WCF, analipa mwajiri peke yake, ukiuona kwenye slipu yako umekatwa wewe, uliza.

Makato ya uharibifu yana masharti na nadhani ndo sehemu inayovunjwa sana. Msumeno umevunjika, bosi anakata 300,000 mwezi huohuo. Hairuhusiwi hivo. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, mwajiri aandike chanzo, kiasi na alivyokokotoa, upewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 390,000 ni 97,500.

Likizo nazipitia haraka maana hizi mnazijua: mwaka siku 28 zikiwa na sikukuu ndani yake, uzazi siku 84 na 100 kwa mapacha, baba siku 3, ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili nusu mshahara, na siku 4 za msiba wa karibu au mtoto kuumwa. Mama anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, usiozidi masaa mawili kwa siku.

KUACHISHWA KAZI

Sheria inataka vitu viwili na vyote vitimie: SABABU halali na UTARATIBU wa haki. Wanafunzi wanaishia kwenye sababu. "Aliiba, kwaiyo alistahili kufukuzwa." Sawa, aliiba, je alisikilizwa? Kwa kosa la nidhamu kanuni zinataka uchunguzi ufanyike, apewe taarifa ya kikao na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na jambo lenyewe, ajitetee, apewe uamuzi na sababu zake. Mzigo wa kuthibitisha yote hayo ni wa mwajiri.

Notisi ni ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Ndani ya mwezi wa kwanza siku 7, baada ya hapo siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo.

Twende kwenye kisa tujibu kama mtihani. Kijana ameajiriwa Kyela, anafanya kazi kiwanda cha mbao Mafinga, 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, hana karatasi, ana miaka minne na miezi saba. Tarehe 3 Machi meneja anamwambia mdomoni asirudi kesho, oda zimepungua.

Ni mwajiriwa, vigezo vipo na kukosa karatasi kunambana mwajiri. Mkataba ni wa muda usiotajwa kwasababu hamna tarehe ya mwisho waliyokubaliana. Muda unazidi miezi sita, ulinzi anao. Sababu, oda kupungua, ni ya kiuendeshaji na inaweza kuwa halali. Utaratibu ndo umekosekana wote: hakupewa taarifa ya kusudio, hakuelezwa taarifa za msingi, hakushirikishwa kujadili njia za kuepuka kupunguza watu wala vigezo vya nani anapunguzwa, na notisi ya maandishi hamna. Kwaiyo kuachishwa kwake sio halali kwa utaratibu. Mbali na fidia ya kuachishwa isivyo halali, stahiki zake nyingine ni siku alizofanya kazi, notisi, likizo aliyokuwa hajachukua, na kiinua mgongo ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka iliyokamilika ni minne, ile miezi saba haihesabiki, kwaiyo ni siku 7 mara 4, siku 28. Mshahara wa siku ni ile 90,000 ya wiki gawa kwa siku sita, 15,000, na siku 28 mara 15,000 ni 420,000. Angeachishwa kwa utovu wa nidhamu asingepata hiki kiinua mgongo. Pia anastahili nauli na usafiri wa mizigo mpaka Kyela, posho ya kusubiri usafiri, na hati ya utumishi.

Alafu malizia na tarehe, maana hapa watu wanapoteza kesi nzuri kabisa wakiwa wanasubiri bosi apoe au mzee wa kanisa aende kuwaombea. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, migogoro mingine kama ovataimu isiyolipwa ndani ya siku 60. Yule kijana wa Mafinga mwisho wake ni tarehe 2 Aprili. Ofisi za CMA zipo mkoani, Mbeya ipo na Iringa ipo, unajaza fomu namba moja, nakala unampa mwajiri na unatunza uthibitisho kwamba aliipokea, na unaweza kwenda mwenyewe, na chama chako, na wakili au na mwakilishi uliyemchagua. Wanaanza na usuluhishi, ukishindikana ndo mnaenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi uliotolewa hapo CMA, ana wiki sita kuomba marejeo Mahakama Kuu. Ukichelewa zile 30 unaweza kuomba kuongezewa muda ila utoe sababu za msingi za kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa naongea na bosi" mara nyingi haitoshi.